Saa ya dai huanza kuhesabiwa lini? Ukomo wa muda katika mashauri ya madai ya Uingereza

Jumatatu ya tarehe 5 Juni 2017, wadhamini wapya wa mali ya amana walifungua shauri katika mahakama ya Uingereza dhidi ya wadhamini waliowatangulia. Walilalamika kwamba watangulizi wao walishindwa kuwasilisha maombi ya fidia kabla ya saa sita ya usiku wa tarehe 2 Juni 2011, na kwa uzembe huo mali ya amana ikakosa fedha ambayo ingeipata. Muda wa kushtaki kwa kosa la namna hiyo ni miaka 6. Kanuni ya kale ya mahakama za huko inasema kwamba siku ambayo dai limezaliwa haihesabiwi, kwa sababu sheria haipendi kushughulika na vipande vya siku. Kama tarehe 3 Juni 2011, siku iliyoingia saa sita hiyo ya usiku ilipopiga, ingeachwa nje ya hesabu, miaka 6 ingetimia tarehe 3 Juni 2017, ambayo ilikuwa Jumamosi, na kwa kuwa masjala hufungwa Jumamosi, Jumatatu ingekuwa bado ndani ya muda. Lakini kama siku hiyo ingehesabiwa, kwa hoja kwamba wadai walikuwa nayo nzima tangu dakika yake ya kwanza, basi muda ulikuwa umekwisha Ijumaa ya tarehe 2. Mwezi Mei 2021 Mahakama ya Juu ilichagua jibu la pili, na dai likafia hapo, pasipo mahakama kufika kwenye swali la kama wadhamini wale walikuwa wazembe au la.

Msomaji wa Kiswahili, ambaye kwake siku mpya huingia jua linapozama, anaweza kustaajabu kwamba majaji wa ngazi ya juu kabisa walikaa kujadili dakika ya kwanza baada ya saa sita ya usiku. Nimeanza na shauri hilo kwa makusudi. Watu wanapouliza kuhusu ukomo wa muda huuliza kwanza idadi ya miaka, na idadi ya miaka ndiyo sehemu nyepesi, kwani imeandikwa kwenye sheria na yeyote anaweza kuisoma. Ugumu wote umo katika mambo mawili mengine: hesabu inaanzia siku gani, na ni nani au ni nini kinachoweza kuisimamisha.

Sheria kuu ni Sheria ya Ukomo ya mwaka 1980, inayotumika Uingereza na Wales. Scotland ina sheria yake ya mwaka 1973, na Ireland ya Kaskazini ina yake ya mwaka 1989, hivyo anayesema "sheria ya Uingereza" akimaanisha ufalme mzima huwa ameshakosea kabla hajafika mbali. Sheria ya 1980 haikuzua wazo hili. Miaka 6 kwa mikataba ya kawaida imekuwapo tangu sheria ya mwaka 1623, enzi ya Mfalme James wa Kwanza, na imedumu kwa karne nne karibu bila kuguswa.

Kabla ya kutaja miaka yenyewe, ni lazima kuondoa dhana moja ambayo msomaji wa Tanzania huenda anayo. Sheria ya Ukomo ya Tanzania, katika kifungu cha 3, inaielekeza mahakama kulifuta shauri lililoletwa nje ya muda hata kama mdaiwa hakulisema jambo hilo katika utetezi wake. Uingereza sivyo. Kule ukomo ni ngao ya mdaiwa, na ngao isiyoinuliwa haimkingi mtu. Mdaiwa asipoandika katika utetezi wake kwamba dai limepitwa na muda, shauri linasikilizwa kama kawaida na hukumu inatolewa. Ndiyo maana yako madai ya deni la miaka 8 au 9 ambayo mdai hupata hukumu kwa urahisi kabisa, kwa kuwa mdaiwa alipuuza barua ya mahakama na hakujibu chochote.

Kuna jambo la pili linalofanana na hilo. Muda unapokwisha, kinachokufa kwa kawaida ni njia ya kwenda mahakamani, wala si haki yenyewe. Deni la kadi ya benki lililopitwa na miaka 6 bado ni deni, na mkopeshaji anaweza kuendelea kukuomba ulipe, ila hawezi kukulazimisha kupitia mahakama endapo utasimama kwenye ukomo. Scotland wamechukua msimamo tofauti, kwani huko baada ya miaka 5 deni la kawaida linazimika lenyewe, kana kwamba halikuwahi kuwapo. Hata Uingereza kuna mambo machache ambamo haki yenyewe hupotea, kubwa likiwa ardhi isiyosajiliwa, ambapo mwenye mali aliyekaa miaka 12 bila kumwondoa aliyevamia hupoteza umiliki wake. Kwa ardhi iliyosajiliwa mambo yalibadilika mwezi Oktoba 2003, na siku hizi mvamizi huruhusiwa kuomba usajili baada ya miaka 10, naye mmiliki hupewa taarifa na nafasi ya kupinga.

Sasa miaka. Mkataba wa kawaida ni miaka 6, na makosa mengi ya madai, ukiwemo uzembe ulioleta hasara ya fedha au mali, pia ni miaka 6. Mkataba uliofanywa kwa hati rasmi, ile inayotiwa saini mbele ya shahidi na kutamkwa kuwa ni hati ya namna hiyo, una miaka 12. Kuumia mwili au kuugua kwa kosa la mwingine ni miaka 3, na kifo kilichotokana na kosa hilo ni miaka 3 pia. Kashfa ina mwaka 1 tu. Kukiukwa kwa haki za binadamu na mamlaka ya umma, chini ya sheria ya mwaka 1998, nako ni mwaka 1. Abiria aliyeumia ndani ya ndege ya kimataifa, tuseme ya kutoka Nairobi kwenda London, ana miaka 2 chini ya Mkataba wa Montreal, na hiyo haiongezwi na jaji yeyote hata kwa machozi. Mtegemezi anayeona marehemu hakumwachia fungu la kutosha katika wosia anapaswa kwenda mahakamani ndani ya miezi 6 tangu msimamizi wa mirathi apate kibali chake, ingawa hapo mahakama inaweza kumruhusu aliyechelewa. Mdhamini aliyeiba mali ya amana kwa ulaghai hana ukomo wa kujifichia hata kidogo, na kwa maoni yangu hicho ni miongoni mwa vifungu vya busara zaidi katika sheria nzima.

Kinachosimamisha hesabu ni kufungua shauri: hati ya madai pamoja na ada yake kufika masjala ya mahakama. Barua ya malalamiko haisimamishi kitu. Mazungumzo ya suluhu hayasimamishi kitu, hata yakienda vizuri kiasi gani, na kampuni ya bima inayojibu kwa upole mwezi baada ya mwezi huenda inafanya hivyo ikijua kalenda inasema nini. Pande mbili zikitaka kuendelea kuzungumza kwa utulivu, mawakili huandaa makubaliano ya maandishi kwamba siku za mazungumzo hazitahesabiwa. Na kufungua shauri si mwisho wa hatari, kwa kuwa hati ya madai ina miezi 4 ya kumfikia mdaiwa kwa njia zinazokubalika. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilimkatalia mdai aliyekuwa anajitetea mwenyewe bila wakili. Alikuwa ametuma hati yake kwa barua pepe siku moja kabla haijakwisha nguvu, kwa mawakili wa upande wa pili ambao walikuwa hawajakubali kupokea hati kwa barua pepe. Waliipata, waliisoma, na mahakama ikasema haikufikishwa. Kwa kuwa muda wa ukomo ulikuwa umeshapita, hakuweza kufungua upya. Majaji wawili kati ya watano hawakukubaliana na wenzao, na mimi ningekuwa upande wa hao wawili.

Turudi kwenye swali la mwanzo wa hesabu, kwa sababu hapo ndipo sheria ya Uingereza imejikwaa mara nyingi na kulazimika kujirekebisha. Katika mkataba, saa huanza siku mkataba unapovunjwa, iwe aliyeumizwa anajua au hajui. Fundi akiweka nyaya mbovu ukutani mwezi Machi 2015, dai la mkataba lilizaliwa Machi 2015 na kufa Machi 2021, hata kama moto uliwaka Aprili 2021. Katika uzembe, saa huanza siku madhara yanapotokea. Inaonekana ni kanuni ya huruma zaidi, kwani madhara huja baada ya kosa. Lakini madhara yanaweza kutokea gizani, mahali ambapo hakuna anayeyaona.

Hivyo ndivyo ilivyowakuta wafanyakazi wa kusafisha vyuma katika kiwanda cha kampuni ya Jopling. Walivuta vumbi la mawe lililotokana na kazi yao, likawa linajijenga kidogo kidogo mapafuni, na ugonjwa wa aina hiyo unaweza kukaa miaka kabla mgonjwa hajakohoa. Walifungua shauri mwezi Oktoba 1956, wakati kosa la mwajiri lilikuwa limekoma mwaka 1950 na mapafu yao yalikuwa yameshaharibika kabla ya hapo bila wao kujua. Mwaka 1963 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, lilisema kwamba dai lilizaliwa siku mapafu yalipopata madhara ya kutosha, ijue mtu au asijue, na hivyo muda ulikuwa umekwisha kabla wagonjwa hawajajua kwamba ni wagonjwa. Malodi wenyewe hawakulifurahia jibu hilo, ila walisema maneno ya sheria hayakuwaachia njia. Bunge lilitunga sheria ya kurekebisha mwaka huohuo wa 1963.

Tokeo la marekebisho hayo, baada ya kufanyiwa kazi zaidi mwaka 1975, ndilo lililomo leo katika kifungu cha 14 cha Sheria ya 1980. Kwa madai ya kuumia mwili, miaka 3 huhesabiwa ama tangu dai lilipozaliwa ama tangu mdai alipojua, ipi iliyo baadaye. Na kujua kumefafanuliwa: kujua kwamba madhara ni makubwa kiasi cha kustahili kushtaki, kwamba yametokana na kitendo kinacholalamikiwa, na kwamba aliyefanya ni nani. Hakuhitajiki kujua kwamba kitendo hicho ni kosa kisheria. Sheria pia haimruhusu mtu afumbe macho, kwani anahesabiwa kuwa anajua kile ambacho angekijua kama angeuliza kwa busara, ikiwemo kumuuliza daktari.

Kwa mali, mafunzo hayohayo yalichelewa kwa miaka zaidi ya 20. Kampuni ya Pirelli ilijengewa bomba la moshi katika kiwanda chake mwaka 1969 kwa ushauri wa wahandisi, na utando uliowekwa ndani haukufaa kwa joto lile. Nyufa zilianza karibu na kilele cha bomba mwaka 1970. Nani hupanda kileleni mwa bomba la moshi kutazama nyufa? Ziligunduliwa Novemba 1977, shauri likafunguliwa Oktoba 1978, na Baraza la Malodi likaamua kwamba saa ilianza kwenda mwaka 1970, nyufa zilipotokea. Lodi Scarman, mmoja wa walioamua hivyo, alikiri waziwazi kwamba matokeo hayo ni makali na ya kipuuzi. Mwaka 1986 Bunge liliongeza vifungu vipya: kwa uzembe usiohusu mwili, mdai anapata miaka 6 tangu madhara au miaka 3 tangu alipojua, ila kwa sharti kwamba miaka 15 ikishapita tangu kitendo cha uzembe mlango unafungwa moja kwa moja. Ujuzi huo haulisaidii dai la mkataba, na kwa sababu hiyo wakili mwangalifu anayemshtaki mhandisi au mhasibu huandika yote mawili, mkataba na uzembe, ili moja likifa la pili libaki.

Ukomo unaweza pia kurefushwa kwa kurudi nyuma, jambo ambalo wengi hudhani haliwezekani. Baada ya moto wa jengo la Grenfell mjini London tarehe 14 Juni 2017, ilibainika kwamba wakazi wa majengo mengi yenye kuta za hatari walikuwa wameshapitwa na miaka 6 tangu ujenzi kukamilika. Sheria ya Usalama wa Majengo ya mwaka 2022 iliwapa miaka 30 kwa nyumba zilizokamilika kabla ya tarehe 28 Juni 2022, na miaka 15 kwa zitakazokuja baadaye. Wajenzi waliodhani wamelala salama waliamshwa na madai ya miaka ya tisini.

Yapo mambo ambayo hulaza saa au kuianzisha upya. Mtoto hahesabiwi muda mpaka atimize miaka 18, hivyo aliyeumizwa hospitalini siku ya kuzaliwa ana hadi siku ya kutimiza miaka 21. Mtu ambaye akili yake haikuwa na uwezo wa kuendesha mambo yake wakati dai lilipozaliwa hahesabiwi mpaka apate uwezo huo, na kama hatapata kamwe, saa haiendi kamwe. Deni nalo linaweza kufufua hesabu yake: mdaiwa akikiri kwa maandishi yenye saini yake, au akilipa sehemu, miaka 6 inaanza tena tangu siku hiyo. Hapa watu wengi hujiponza kwa adabu njema. Wanaandika barua kusema "najua nadaiwa, nipe nafasi kidogo," wakiwa wamebakiza wiki mbili miaka 6 itimie. Lakini hesabu iliyokwisha kufa haifufuki, na malipo yaliyofanywa baada ya miaka 6 kupita hayalihuishi deni mahakamani.

Kisha kuna ufichaji. Mdaiwa aliyefanya ulaghai, au aliyeficha kwa makusudi jambo ambalo mdai alilihitaji ili ajue ana dai, hanufaiki na muda uliopita wakati wa kuficha kwake. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ililitolea ufafanuzi neno "kuficha" katika shauri la mkopaji aliyechukua mkopo mwaka 2006 na kuuziwa bima ya kulinda malipo yake. Zaidi ya asilimia 95 ya fedha aliyolipia bima hiyo ilikuwa kamisheni, na mkopeshaji hakumwambia. Alifungua shauri mwaka 2018. Mkopeshaji alijitetea kwamba kunyamaza si kuficha, kwa kuwa hakuna sheria iliyomtaka aseme. Mahakama ilikataa hoja hiyo na kusema kwamba kulijua jambo na kuamua kutolisema ni kuficha tosha, na mkopaji akaruhusiwa.

Tukitoka kwenye vifungu hivi tunafika kwenye kimoja ambacho hakina mfano wake katika madai ya mikataba. Kifungu cha 33 kinampa jaji uwezo wa kuliacha dai la kuumia mwili liendelee ingawa miaka 3 imepita, iwapo anaona ni haki kufanya hivyo. Jaji hupima ucheleweshaji ni wa muda gani na kwa sababu gani, ushahidi umepungua kiasi gani, mdaiwa aliisaidia au kuizuia kesi, na mdai alichukua hatua upesi kiasi gani baada ya kujua. Kipimo kikuu ni kama kesi ya haki bado inawezekana.

Mpaka mwaka 2008 uwezo huo haukuwafikia waliobakwa au kupigwa kwa makusudi. Baraza la Malodi lilikuwa limeamua mwaka 1993 kwamba miaka 3 yenye uwezo wa kuongezwa ni ya uzembe, na kwamba shambulio la makusudi lina miaka 6 isiyoongezwa. Hivyo aliyemjeruhi mtu kwa bahati mbaya aliweza kushtakiwa baada ya miaka 20 na aliyembaka asiweze. Kilichoing'oa kanuni hiyo ni bahati nasibu. Iorworth Hoare, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1989 kwa jaribio la kubaka, alishinda pauni milioni 7 mwaka 2004 akiwa mfungwa aliyepewa ruhusa ya kutoka. Mwanamke ambaye Hoare alimshambulia mwaka 1988 hakuwa na sababu ya kumshtaki mfungwa asiye na kitu, na sasa ilikuwapo. Januari 2008 Malodi walibatilisha uamuzi wao wa zamani, na baadaye mwaka huo Mahakama Kuu ikamruhusu aendelee. Februari 2025 serikali ilitangaza nia ya kuondoa kabisa miaka 3 kwa madai ya waliodhalilishwa kingono utotoni, na kumtwika mdaiwa mzigo wa kuonyesha kwamba kesi ya haki haiwezekani tena.

Afrika Mashariki inaingia katika kifungu hicho kupitia Kenya. Mwaka 2009 wazee watano walifungua shauri London dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje kwa mateso waliyotendewa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Uamuzi wa ukomo ulipofika walibaki watatu: Paulo Muoka Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara. Nzili alihasiwa. Nyingi alinusurika katika kambi ya kizuizini ya Hola tarehe 3 Machi 1959, siku ambayo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Mara alidhalilishwa kizuizini. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita dhidi ya muda wa miaka 3, na serikali ikasema mashahidi wake wamekufa.

Jaji McCombe aliamua tarehe 5 Oktoba 2012 kwamba dai liendelee, na sababu yake haikuwa huruma. Ilikuwa makaratasi. Mwaka 2011, wakati shauri likiendelea, wizara ilikubali kwamba ilikuwa na maelfu ya faili za kikoloni zilizohifadhiwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, mbali na macho ya watafiti. Utawala wa kikoloni uliandika kila kitu: barua za magavana, maagizo, mikutano, malalamiko yaliyopokelewa na kuzimwa. Jaji aliona kwamba kwa maandishi mengi kiasi kile, na kwa kuwa dai lilihusu mfumo na walioujenga, kesi ya haki bado iliwezekana. Mwezi Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni kueleza masikitiko ya serikali na kutangaza pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi, kwa wadai 5,228.

Ushindi huo uliwavuta wengine zaidi ya 40,000, katika shauri linalofahamika kwa jina la Kimathi. Usikilizaji ulianza mwaka 2016 mbele ya Jaji Stewart, kwa wadai wachache walioteuliwa kuwa mfano wa wenzao, na mwaka 2018 yote yaliangukia kwenye kifungu kilekile cha 33. Dai la kila mmoja lilitegemea kumbukumbu yake kuhusu kipigo fulani, katika kijiji au kambi fulani, na askari au mlinzi asiyejulikana jina. Faili zilieleza sera kwa kirefu, ila hazikumtaja mlinzi wa kijiji kile. Jaji aliona kwamba mdaiwa hawezi kujibu tukio asilokuwa na njia ya kulichunguza, na akakataa.

Kwa mtazamo wangu hukumu hizo mbili hazipingani, japo mjukuu wa aliyepoteza mwaka 2018 ana haki ya kuona uchungu kwamba babu yake alishindwa kwa sababu aliyempiga hakuandika. Kipimo ni kimoja, ila kinampendelea aliyeteswa mahali penye karani.

Na hata uwezo huo wa jaji una ukuta nyuma yake. Miaka 3 kwa kuumia mwili ililetwa na sheria iliyoanza tarehe 4 Juni 1954, na marekebisho yote ya huruma yaliyofuata yalijengwa juu ya miaka hiyo 3. Dai lililozaliwa kabla ya tarehe hiyo lilikuwa chini ya sheria ya zamani ya mwaka 1939, likafa chini yake, na halikufufuliwa na chochote. Baraza la Malodi lilithibitisha hivyo mwaka 2003 katika shauri la mtu aliyelalamikia udhalilishaji wa utotoni wa miaka ya arobaini. Operesheni ya Anvil, iliyowakamata maelfu mjini Nairobi, ilianza tarehe 24 Aprili 1954. Aliyevunjwa mkono kambini wiki ile hana jaji wa kumwomba. Aliyevunjwa mkono katikati ya Juni, kwenye kambi ileile, angeweza angalau kuomba asikilizwe.